Picha za msituni na visiwani zimetoka chenga? Soma kosa kabla hujalaumu kamera

Jambo la kwanza kabisa, usifute picha mbovu. Najua ilivyo, jioni umerudi gesti Mang'ula, pale getini mwa Udzungwa, miguu imejaa matope, unafungua kamera unakuta picha mia mbili za mbega na kati ya hizo labda nne ndo unaweza kumwonyesha mama yako bila aibu, kidole kinakimbilia alama ya kapu. Kizuie. Picha iliyoharibika imebeba ushahidi wa kilichoiharibu, na ukijua kuisoma kesho hutarudia kosa lile lile, ila ukiifuta utaamka na kamera ile ile na setingi zile zile na utarudi na mbovu mia mbili nyingine.

Mi nimezunguka na kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 70 hadi 300 pamoja na simu ya kawaida tu. Udzungwa, Amani kule Usambara Mashariki, Jozani, Pemba na Mafia, si kwa mkupuo mmoja, ni vipande vipande vya likizo. Nimeharibu picha kwa njia nyingi sana. Kwa hiyo hapa chini naenda kwa dalili, ukiiona ya kwako ishughulikie hiyo hiyo, si lazima usome yote.

Dalili: picha chenga, jicho la mnyama halionekani

Hili ndo kubwa kuliko mengine yote na watu wengi wanalimaliza kwa kusema "kamera yangu mbovu". Subiri kwanza. Fungua picha, ikuze mpaka uone jicho la mnyama au pale lilipotakiwa kuwa jicho, alafu angalia vitu vilivyomzunguka. Kuna aina nne za chenga na kila moja ina mkosaji wake.

Aina ya kwanza, kila kitu kimevutika upande mmoja, mnyama, tawi, majani, vyote vina mkia mdogo kama vimefutwa na kidole. Huo ni mkono wako. Msituni kuna giza kuliko unavyodhani, macho yanazoea haraka ndo maana huoni, lakini chini ya miti mikubwa ya Udzungwa ni asilimia moja au mbili tu ya mwanga wa juu ndo inafika chini, sasa kamera ikiwa kwenye oto inaamua kuacha shuta, kile kilango cha kupitisha mwanga, wazi muda mrefu, unakuta imepiga kwa 1/30 ya sekunde na lenzi umeivuta mpaka 300, hapo hata ungekuwa umeshikwa na watu wawili lazima itikisike. Kanuni ya wazee wa picha ni kwamba shuta isiwe chini ya urefu wa lenzi, lenzi 300 basi 1/300, na kwa kamera hizi ndogo zenye sensa ndogo hesabu 1/500 kabisa. Kama lenzi yako ina kitulizaji cha mtikisiko na mnyama ametulia unaweza kushuka mpaka 1/125, ila usijidanganye zaidi ya hapo.

Utaipata wapi hiyo 1/500 gizani? Kwenye ISO, ile namba ya jinsi kamera inavyohisi mwanga. Watu wanaogopa ISO kama wanavyoogopa siafu, wanaiacha 400 eti picha isiwe na chembechembe. Weka 3200, ikibidi 6400. Chembechembe utazipunguza nyumbani kwa programu yoyote ile hata ya bure ya kwenye simu, mtikisiko hakuna programu itakayoutoa vizuri. Mi ningekuwa na uwezo wa kuwaambia watu kitu kimoja tu kabla hawajashuka basi pale Mang'ula ningewaambia hicho. Alafu egemea mti. Angalia mti kwanza kabla ya kuegemea, siafu niliowataja hapo juu sikuwataja kwa utani.

Aina ya pili, tawi limetoka safi kabisa mpaka ukungu wa kwenye gome unauona, ila mnyama ni moshi. Hapo mkono wako hauna kosa, mnyama ndo alikuwa anaenda. Mbega akiruka kutoka mti hadi mti unahitaji 1/1000 au zaidi, na msituni mwanga wa hivyo huna, kwa hiyo dawa si kubadili setingi, ni kubadili muda wa kubonyeza. Mtazame kwa dakika kumi bila kupiga. Utaona ana mdundo wake, anavuta tawi, anakula, anasimama, anaangalia chini kama anayehesabu watu, anaendelea. Ile anapoangalia chini ndo picha yako, na piga mfululizo tatu nne, kwa sababu ya kwanza huwa inatikiswa na kidole chenyewe kinapobonyeza.

Aina ya tatu, jani lililo mbele ya mnyama limetoka kali kama wembe na nyuma yake kuna kitu cha kahawia ambacho wewe tu ndo unajua ni nani. Hiyo ni fokasi. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe inapenda kitu cha karibu, na msituni cha karibu ni jani siku zote. Toa ile modi ya vidoti vingi, weka kidoti kimoja cha katikati, kiweke kwenye jicho, bonyeza nusu, alafu ndo panga picha yako. Majani yakizidi zungusha pete ya fokasi kwenye lenzi kwa mkono, usione aibu, watu walipiga hivyo miaka na miaka.

Aina ya nne ni ile ambayo picha nzima ni laini laini, hakuna kilichovutika, hakuna jani kali, ni kama unaangalia kwa miwani ya mtu mwingine. Hapo simamisha kila kitu uangalie kioo cha lenzi. Kwenye simu tisa kati ya kumi ni mafuta ya vidole au ya kujipaka, futa kwa kitambaa cha miwani uone maajabu. Na dawa ya mbu jamani, ukijipaka ile yenye DEET usishike kamera kabla hujanawa, inakula plastiki na mpira, mshikio wa kamera yangu una alama ya dole gumba mpaka leo.

Simu nyingine inatoa chenga kwa sababu umezumu mpaka mwisho. Zumu ya namna hiyo haisogezi kitu, inakata tu kipande cha picha na kukikuza, bora upige bila kuzumu ukate mwenyewe baadaye. Au kama una darubini weka lenzi ya simu kwenye kioo kimoja cha darubini, inachosha mikono na inahitaji mazoezi ila inafanya kazi kweli.

Dalili: mnyama ametoka mweusi tii, nyuma kweupe

Unainua kamera juu, kima yuko kwenye tawi, nyuma yake anga. Kamera inaona anga jeupe inasema hapa kuna mwanga mwingi mno, inapunguza, na mnyama wako anageuka kivuli. Tafuta kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, peleka kwenye +1, anga likiwa jeupe sana +2. Anga litaungua, liache liungue, hukwenda kupiga anga. Kwenye simu gusa mnyama kwenye kioo alafu vuta kile kijua kwenda juu.

Ila dawa iliyo bora zaidi ni miguu yako. Sogea hatua kumi upande mmoja mpaka nyuma ya mnyama kuwe na majani badala ya anga, picha inabadilika kabisa bila kugusa setingi yoyote. Pale Sanje, Udzungwa, njia ya kwenda kwenye maporomoko, yale ya mita 170, inapanda mlima, kwa hiyo ukishafika juu kidogo unaweza kuwa sawa na vilele vya miti ya chini na ukampiga mbega akiwa usawa wa macho yako, mi nilipita pale mara ya kwanza nikiwa nahema tu sikuangalia hata pembeni.

Mbega mweupe yeye ana shida yake peke yake, mwili mweusi, manyoya marefu meupe mabegani na mkiani, ukimpandisha mwanga yale meupe yanakuwa karatasi, ukimshusha uso unapotea. Mpige siku ya mawingu. Jua kali likipenya vipande vipande kati ya majani achana naye kunywa maji.

Na kuna wakati weusi huo huo ndo unautaka. Pemba, pale Kidike, popo wakubwa wa Pemba wananing'inia mchana kweupe kwenye miti wakijipepea kwa mabawa. Popo hawa hawapatikani kwingine duniani isipokuwa Pemba, na waliwahi kuwindwa kwa ajili ya nyama mpaka wakabaki wachache mno, vijiji vikaanzisha vikundi vya kuwalinda na sasa ni maelfu. Mi saa za mchana nilipiga vivuli vitupu, vyeusi kama miavuli iliyofungwa. Jioni jua lilipokuwa chini nikahamia upande ambao popo anakuwa kati yangu na jua, bawa likapitisha mwanga, ikaonekana mpaka mifupa ya vidole na mishipa, rangi ya chai ya rangi kabisa. Pale sikugusa +1 hata kidogo. Wakianza kuruka nenda 1/1000 na fokasi ya kufuata, bado nje kuna mwanga wa kutosha.

Dalili: kila kitu kijani, hata mtu

Mwanga umechujwa na majani, kwa hiyo ni kijani kweli, kamera haijadanganya. Weka rangi kwenye alama ya kivuli au mawingu badala ya oto. Kama kamera yako inatoa faili la RAW, yani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, tumia hilo, rangi utairekebisha nyumbani bila kuumiza picha. Kama haina, piga picha moja ya karatasi nyeupe pale pale chini ya mti, mi natumia nyuma ya risiti ya kiingilio, ukifika nyumbani unajua nyeupe halisi ilikuwaje. Basi, hili halina mengi.

Dalili: ukungu umefunika lenzi asubuhi

Hapa ndo nakaa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanaharibu vifaa, si picha tu.

Umelala Unguja chumba cha AC, umeweka 18 usiku kucha kwa sababu joto si mchezo. Asubuhi unabeba kamera unatoka nje kuwahi kima punju Jozani, unafungua kifuniko, lenzi nyeupe. Unafuta. Inarudi. Unafuta tena kwa tisheti, inarudi na sasa kuna na mikwaruzo. Kinachotokea ni kile kile cha soda baridi kutoa jasho mezani, hewa ya pwani ina maji mengi, ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80 basi kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi kitalowa, na kamera yako iko 18. Haijalishi unafuta mara ngapi, mpaka ipate joto.

Kwa hiyo usifute. Itoe kamera ikiwa ndani ya begi lake, begi limefungwa, saa nzima kabla ya kuihitaji, na ukipanda gari mwambie dereva azime AC afungue vioo. Mi siku hizi naliacha begi bafuni usiku, kule ambako AC haifiki, naamka nalo liko tayari. Kwenye ukungu wa Amani asubuhi na mapema shida ni ileile ila ndogo zaidi, kule gesti hazina AC, lenzi ikikaa ndani ya koti karibu na mwili inatosha.

Kama ukungu uko ndani ya vioo hapo pameharibika zaidi kidogo, unyevu umeshaingia. Usiwashe kamera, toa betri na kadi, weka kila kitu kwenye kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu, viwe vingi, kumi na kuendelea, uache siku mbili. Mchele usiweke. Najua kila mtu anasema mchele, mchele unavuta unyevu polepole mno na unaacha vumbi la wanga ambalo likiingia kwenye pete za lenzi umejiongezea kazi. Na nasema kontena kwa makusudi, mifuko ya plastiki Bara imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 na Zanzibar walitangulia zamani, usije ukaanza safari kwa kubishana bandarini.

Ukiona ndani ya kioo kuna nyuzi nyuzi kama utando wa buibui hiyo sio vumbi, ni fangasi. Inapenda giza, unyevu na begi lililofungwa miezi. Peleka kwa fundi mapema, ikishakula ile rangi ya juu ya kioo alama haitoki tena hata ikisafishwa. Lenzi yangu moja nilimpa fundi mmoja mjini akairudisha na fangasi imetoka kweli, ila autofokasi nayo imetoka, tukabishana wee mpaka nikachoka, sasa ni lenzi ya mkono. Bora uzuie: ukirudi safari usiifungie kamera kabatini, iache mahali penye hewa na mwanga.

Dalili: pete inakwaruza, vitufe vinanata

Mchanga na chumvi. Pete ikianza kutoa sauti ya kusaga acha kuizungusha hapo hapo, kila mzunguko unausogeza mchanga ndani. Geuza lenzi iangalie chini, puliza kwa kile kipira cha kupulizia au bomba la sindano lisilo na sindano, usipulize kwa mdomo maana utatia mate. Chumvi nayo ikikauka ni vipande vidogo vya kioo, ukiifuta kavu kavu umepiga msasa. Lowesha kitambaa kwa maji baridi ya kunywa, kamua, futa, alafu kausha. Kwenye boti ya kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, Mafia, kamera ikae ndani ya begi mpaka mfike, picha ya mawimbi unayo tayari kwenye simu za watu elfu.

Dalili: papa potwe ametoka kama kivuli kwenye supu

Mafia, kati ya Oktoba na Machi hivi, papa potwe wanakuja karibu na Kilindoni. Wengine wanamwita papa shilingi, kwa yale madoa mgongoni kama sarafu zimemwagwa. Unaruka majini, moyo unadunda, unapiga picha hamsini, ukirudi ni kijani na kijivu na vidoti vyeupe.

Supu hiyo ndo chakula chake. Vijidudu na visamaki vidogo ndivyo vilivyomleta, kwa hiyo maji masafi kama ya kwenye matangazo na papa potwe havikai pamoja mara nyingi, hilo likubali kwanza. Kinachosaidia ni kupunguza maji kati yako na yeye, na hapo watu wanaelewa vibaya wanaanza kumkimbilia. Huruhusiwi kumgusa, unakaa mita tatu nne, mkiani mbali zaidi, na ukimfukuza anazama tu kwa utulivu na hamuonani tena. Unachofanya ni kukaa mbele kwa pembeni ya njia yake na kutulia, atapita mwenyewe, ana kasi ndogo kuliko unavyofikiri mpaka ujaribu kuogelea naye. Usizumu. Tumia lenzi pana kabisa, kwenye simu au kamera ndogo ya michezo weka upana wa mwisho, kwa mita tatu anaenea karibu wote maana wengi wa pale ni madume ambao hawajakomaa, si yale majitu ya mita kumi na kitu. Flashi zima, kwanza hairuhusiwi, pili vile vidoti vyeupe ni flashi inagonga chembe za majini. Piga jua likiwa nyuma yako, juu kidogo, asubuhi ya saa tatu saa nne hivi.

Rangi ya kijani utaipunguza nyumbani. Au geuza iwe nyeusi na nyeupe, mi sioni kosa, madoa yake yanatoka vizuri zaidi hivyo.

Alafu kuna kitu hawakwambii. Ukibahatika kumpata ubavu wa kushoto, nyuma kidogo ya matamvua, hiyo picha ina thamani hata kama haina urembo, kwa sababu madoa ya pale ndo watafiti wanatumia kumtambua papa mmoja mmoja kama alama za vidole. Yangu ilikuwa imepinda na nusu yake ni povu, nikaambiwa na muongoza wageni niitunze hiyo hiyo.

Simu kwenye kifuko cha maji ina mambo yake. Kioo hakisikii vidole chini ya maji, kwa hiyo weka kamera tayari ukiwa juu na upige kwa kitufe cha sauti. Kifuko kikipiga ukungu ndani ni kwamba ulikifunga ukiwa pwani kwenye hewa ya unyevu, kifungie chumbani kwenye AC na utupie kipakiti kimoja cha silika ndani. Na simu kuandikwa inazuia maji haimaanishi maji ya bahari, hilo wenye maduka hawalisemi kwa sauti.

Dalili: usiku picha ni jicho jekundu na weupe mtupu

Amani usiku kuna vinyonga. Mchana hutawaona, usiku wamelala kwenye ncha za matawi na ukimulika tochi wanang'aa weupe weupe hivi kati ya majani, mtoto wa pale anaweza kukuonyesha watano wewe ukiwa hujaona hata mmoja. Kosa la kila mtu ni flashi ya mbele, inamfanya kinyonga awe sahani. Zima flashi, mpe mwenzako tochi amulike kutoka ubavuni, funika tochi kwa leso au tishu ili mwanga uwe laini, na mara moja pembe na magamba yanajitokeza. Yule wa Usambara mwenye pembe tatu dume lake ukimmulika hivyo ni sinema. Kwa karibu hivyo fokasi ni nyembamba kama karatasi, jicho likiwa kali mkia utapotea, sawa tu, ilimradi jicho. Vuta pumzi, toa nusu, bonyeza. Upepo ukitikisa tawi usilishike maana utamwamsha, subiri tu utulie. Na picha tatu nne zinatosha, azime tochi, mnyama analala.

Komba ni kesi nyingine, macho yake makubwa yameumbiwa giza na flashi inamuumiza. Mulika pembeni yake kwa mwanga hafifu, ukikosa umekosa.

Dalili: mia mbili za mgongo

Hii si ya kamera. Umefika na watu sita, mmoja ana tisheti nyeupe pee, mmoja anaongea na simu, mnyama yeyote mwenye akili anageuka. Vaa rangi ya udongo, kaeni chini, nyamazeni robo saa. Muongoza wageni akinyoosha mkono kukuzuia simama pale pale na usiulize kwanza. Wale mangabei wa Sanje, aina ya nyani wa Udzungwa, ambao wanasayansi wamewajua 1979 tu ingawa wenyeji waliishi nao siku zote, mara nyingi wanatafuta chakula chini kabisa kwenye majani makavu, kila hatua yako wanaisikia.

Jozani ni kinyume chake. Kima punju wamezoea watu mpaka shida inakuwa ukaribu, lenzi ya 300 inakataa kushika fokasi kwa sababu yuko ndani ya kiwango chake cha chini. Rudi nyuma. Si kwa ajili ya lenzi tu, mafua yako yanamfikia naye. Usimpe chakula, na selfi ya kumpa mgongo kima mita moja ni kuomba kunyang'anywa miwani. Nenda mapema au alasiri, mchana wanalala wamejaa majani. Ukiwakuta kwenye mashamba ya jirani wakila majani ya mkungu kaa nao kwa subira, wana tabia ya kwenda kuokota mkaa kwenye matanuri na kuutafuna, inasemekana unawasaidia tumbo na sumu za yale majani, na picha ya kima amekaa ameshika kipande cha mkaa kama mtu mwenye sambusa ni bora kuliko mia za kima kwenye tawi.

Dalili ndogo ndogo

Betri imeisha saa tano asubuhi: umeiacha kamera ikitafuta mtandao na kioo kikiwaka muda wote, zima vyote hivyo, beba betri mbili maana kwenye kambi za msituni umeme si wa kuhesabia. Drone imeshikiliwa getini: hukuomba kibali kabla ya safari, pale getini hawakitoi. Kadi inasema hitilafu na kamera inakuomba uifomati: usikubali, itoe, usiiguse tena mpaka ufike kwenye kompyuta, mara nyingi picha bado zimo na kuna programu za kuzirudisha, kinachoziua ni kuendelea kupiga juu yake.

Dalili: umesikia majani, umepiga, hamna kitu

Huyo ni sange. Yule mwenye pua ndefu kama mkonga, mkubwa kama paka mdogo, yuko Udzungwa, yuko Usambara na Unguja pia. Unasikia kra kra kra kwenye majani makavu, unageuka, ameshapita. Setingi si tatizo, fokasi si tatizo, ni kwamba umechelewa nusu sekunde na utachelewa kila mara. Hata yule mwenye uso wa kijivu wa Udzungwa aliyetangazwa rasmi 2008, picha zake za kwanza zilipigwa 2005 na kamera za kutega, yani watu hawakuwepo kabisa.

Ninachojua kinachosaidia kidogo ni kwamba ana vinjia vyake anavyovirudia. Ukimsikia mara moja usimfuate, kaa, weka 1/500 na ISO ya juu, fokasi iweke tayari kwenye kipande kitupu cha kinjia, na usubiri arudi. Mi nilikaa saa moja na nusu. Nina picha moja, nusu mkia na majani matatu yakiwa hewani, 1/60 kwa sababu nilisahau setingi za jana yake. Sijaifuta.